Umeshafunga kufuli, mashine bado ina nguvu: dalili, chanzo na la kufanya

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari amezima mashine, amefunga swichi kwa kufuli lake na kutundika kadi yenye jina lake, halafu mashine ikafanya jambo ambalo mashine iliyokufa haifanyi. Testa, kifaa cha kupimia umeme, imewaka. Silinda imesogea. Bomba limefoka. Wapo wanaosema "hayo ni mabaki tu" na kuendelea na kazi. Naomba usiwe mmoja wao. Mashine imekuonyesha kwamba kuna chanzo cha nguvu ambacho hukukihesabu. Kufuli linazuia mtu asirudishe swichi ile moja uliyoifunga. Halina namna ya kukuambia kama swichi hiyo ndiyo pekee.

Kwa hiyo, dalili iwe ipi, mwanzo ni mmoja: toa mikono, toka ndani ya mashine, watoe na wenzako, makufuli yaache yalipo. Usirudishe umeme "tuone kidogo". Ukishasimama mahali salama ndipo uanze kutafuta.

Utaratibu wenyewe unaujua, ila nautaja kwa sababu kila tatizo hapa chini ni hatua moja iliyorukwa: jua vyanzo vyote vya nguvu, waarifu wanaoitumia mashine, izime kwa njia yake ya kawaida, tenga kila chanzo, funga kufuli na kadi, toa nguvu iliyobaki ndani, kisha hakikisha kwa kupima na kwa kujaribu kuiwasha. Hatua mbili za mwisho huchukua dakika chache, na ndizo hasa zinazorukwa zamu inapokaribia kwisha.

Swichi kuu imezimwa, testa bado inaonyesha umeme

Jiulize kwanza: umeme huo uko kwenye nyaya zipi, na ni wa namna gani? Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi.

Ukiukuta kwenye fezi moja tu, yaani waya mmoja kati ya nyaya tatu kubwa zinazoleta umeme, shuku swichi yenyewe. Niliwahi kukutana na hali hiyo kwenye mashine ya kuchanganyia. Mpini wa swichi ulikuwa umeshuka vizuri hadi kwenye alama ya kuzima, na kufuli likaingia bila shida. Fezi ya kwanza kwa ya pili ilisoma sifuri. Fezi ya tatu kwa ethi (waya wa ardhini) ikasoma volti 230 kamili. Tulipokata umeme juu zaidi na kufungua kifuniko, tuliona visu viwili, vile vipande vya ndani vinavyounganisha umeme, vimeinuka na cha tatu kimebaki mdomoni mwake, kimegandia, chuma kimegeuka bluu kwa moto. Aliyepima fezi ya kwanza na ya pili peke yake angepata sifuri, akaridhika, akashika. Ndiyo maana tunapima michanganyiko yote: fezi kwa fezi mara tatu, kisha kila fezi kwa ethi na kwa nyutro kama ipo. Dawa yake ni kupanda hadi breka iliyo juu yake, kuifunga hiyo kwa kufuli, kupima upya, kisha kubadilisha swichi. Usiupige mpini nyundo ukidhani utakiachia kisu.

Umeme ukiwa kwenye fezi zote tatu, huenda umefunga swichi ya jirani. Lebo husema uongo, hasa pale ambapo mashine zimehamishwa na paneli ikabaki na majina ya zamani. Uwezekano wa pili ni chanzo kingine: jenereta inayojiwasha yenyewe, betri za akiba, au umeme wa sola unaoingia kwa njia yake. Fuata kebo kwa macho na mikono hadi inakotoka.

Umeme ukiwa kwenye nyaya nyembamba za udhibiti tu, tafuta paneli ya pili. Mashine zinazofanya kazi kwa kusubiriana, kwa mfano konveya isiyowaka mpaka ya mbele yake iwake, hupelekeana umeme wa ishara, na umeme huo haukatwi na swichi kuu ya mashine yako. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kimetenga rangi ya machungwa kwa nyaya za aina hiyo, kwa hiyo ukiona waya wa rangi hiyo ndani ya paneli chukulia kwamba una umeme hata kama kila kitu kimezimwa. Hapohapo kuna mtego unaowapata hata mafundi wazoefu: hita ndogo iliyo ndani ya mota kubwa kwa ajili ya kuzuia unyevu. Inalishwa kwa waya wake wenyewe na imeundwa iwake mota inaposimama. Yaani ukizima mota, unaiwasha hita.

Ukikuta umeme wa DC unaoshuka polepole, hizo ni kapasita (vihifadhi chaji) za draivu, kifaa kinachoongoza kasi ya mota. Draivu inayolishwa volti 400 huhifadhi ndani yake takriban volti 565 za DC, na kuzima swichi hakuziondoi papo hapo. Kapasita za mikrofaradi 2000 kwa volti hizo zina zaidi ya juli 300, sawa na jiwe la kilo 10 lililoanguka kutoka mita tatu na kidogo. Kwenye kifuniko cha draivu pameandikwa dakika za kusubiri. Zisubiri zote, kisha pima kati ya vituo vya chanya na hasi, kwa sababu saa pekee haithibitishi kitu: kipingamizi cha kumwaga chaji nacho huungua. Usizimwage kwa bisibisi. Ncha ya bisibisi huyeyuka na kumrukia aliyeishika usoni.

Inabaki hali moja inayozua ubishi: multimita inasoma volti 40 au 70, namba zinachezacheza. Mara nyingi huo ni umeme wa kivuli, unaorukia kwenye waya usiounganishwa kutoka kwa kebo zilizo hai zilizolala pamoja nao. Multimita ya kawaida haivuti mkondo karibu wowote, ndiyo maana inauona. Pima tena kwa testa inayovuta mkondo kidogo. Kama ni kivuli, usomaji utaanguka hadi sifuri. Mpaka uanguke, waya huo una umeme. Sikubaliani kabisa na fundi anayetamka neno "kivuli" kabla hajafanya kipimo hicho cha pili.

Testa inasoma sifuri, lakini je, testa ni nzima?

Sifuri ndiyo namba rahisi kuliko zote kwa kifaa kibovu. Betri ikiisha unapata sifuri. Waya wa testa ukikatika ndani ya ganda lake, sifuri. Multimita ikiwa kwenye AC wakati unapima DC, sifuri au karibu nayo. Ncha ikigusa rangi au kutu badala ya shaba, sifuri vilevile.

Pima mara tatu: kwanza kwenye chanzo unachojua kina umeme, halafu kwenye kazi yako, halafu rudi kwenye chanzo kile kile. Kipimo cha tatu ndicho kinachosema kwamba testa haikufa katikati. Kalamu ya kuhisi umeme bila kugusa ni nzuri kwa kutafuta, si kwa kuthibitisha: DC haiioni, na kebo yenye kinga ya chuma huificha.

Hewa imefungwa, silinda ikaruka

Hii huwapata zaidi wanaoondoa kitu kilichokwama. Boksi au kipande cha chuma kimekwama chini ya silinda, mtu amefunga koki ya hewa, ameingiza mkono na kukivuta kile kipande. Silinda inamaliza safari iliyokuwa imeianza.

Tazama nguvu yenyewe ilivyo. Silinda yenye kipenyo cha milimita 100, kwa presha ya kawaida ya karakana ya bar 6, inasukuma kwa takriban kilo 480. Haina haja ya kompresa kuwa inafanya kazi. Hewa iliyoshikiliwa ndani inatosha kwa pigo moja.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni koki. Koki ya kawaida, yenye tufe la chuma ndani, huzuia hewa mpya isiingie, lakini iliyokwisha kupita haiachilii. Inayotakiwa ni koki ya njia tatu, ile ambayo ukiifunga inafungua tundu la kutolea hewa ya upande wa mashine, na ina mahali pa kupitisha kufuli. Ukiifunga utaisikia ikipumua. Kama hukusikia pumzi, jiulize hewa imekwenda wapi. Tundu hilo pia huziba kwa uchafu wa sailensa, kile kipunguza kelele chake.

Halafu kuna vali zilizowekwa kwa makusudi ili kushika hewa: vali ya upande mmoja iliyofungwa kwenye silinda yenyewe ili mzigo usianguke mpira ukipasuka, na vali kuu ambayo ikizimwa hurudi katikati na kufunga pande zote mbili. Kwenye mashine hizo unaweza kumwaga hewa ya mstari mzima, geji ikasoma sifuri, na silinda ikabaki imejaa. Tafuta kitufe cha mkono cha kuachilia kwenye vali hiyo. Lakini kabla hujakibonyeza, jiulize ni nini kinashikiliwa na hewa hiyo. Kama ni mzigo ulioinuliwa, weka kwanza nguzo au pini ya kuuzuia, kisha ndipo umwage. Mpangilio huo ukigeuzwa, ni wewe utakayejiangushia mzigo.

Na usimwage hewa kwa kulegeza kiungo cha mpira. Mpira wenye presha ukichomoka hupiga huku na huku kama mjeledi.

Geji ya mafuta inasoma sifuri, mpira bado mgumu

Amini mpira. Minya kwa nje, ukiwa umevaa glavu: mpira wa haidroliki, yaani wa mafuta yanayosukuma mashine kwa presha, ukiwa hauna presha unalegea kidogo, wenye presha ni kama fimbo.

Sababu ya kwanza ni mahali geji ilipo. Mara nyingi iko karibu na pampu, kabla ya vali ya upande mmoja, hivyo inasoma presha ya upande ulioisha nguvu. Geji nyingine ina koki yake ndogo ambayo mtu aliifunga ili sindano isitikisike. Nyingine imekufa tu, sindano imelala kwenye sifuri tangu mwaka juzi.

Sababu ya pili ni akumuleta, lile tungi la chuma lenye gesi ya nitrojeni upande mmoja na mafuta upande wa pili. Pampu ikizimwa, gesi inaendelea kuyasukuma mafuta. Mfumo ulioundwa vizuri huyarudisha mafuta tangini mara mashine inapozimwa. Wa zamani unahitaji ufungue vali ya kumwaga kwa mkono na kuiacha wazi. Na ujue kwamba baada ya mafuta kutoka, nitrojeni ingali ndani kwa presha yake ya awali. Mwili wa akumuleta haufunguliwi mpaka gesi nayo itolewe kwa kifaa chake.

Sababu ya tatu ni mzigo: silinda iliyobeba kitu kizito hutengeneza presha yake yenyewe hata kama mfumo wote umemwagwa.

Ukitafuta mahali panapovuja, pitisha kipande cha kadibodi, kamwe usipitishe mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na hata glavu. Jeraha linaonekana kama kidoti, halitoki damu nyingi, na mwanzoni linaweza lisiume. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali muda huohuo, aeleze kwamba ni mafuta yaliyodungwa kwa presha na aina ya mafuta itajwe, kwa sababu hilo ni jambo la upasuaji wa haraka. Kusubiri kesho kumegharimu watu vidole na mikono.

Hakuna umeme, hewa wala mafuta, na bado kinasogea

Mvuto wa dunia hauna swichi. Kichwa cha presi, mhimili wima wa mashine, jukwaa la lifti, mlango unaoteremka: vyote vinahitaji nguzo, pini au mnyororo uliopimwa kwa uzito huo. Breki ya mota imeundwa kushika mzigo mashine ikiwa imesimama, haikuundwa ikushikie wewe uhai wako chini yake. Jeki nayo ni ya kuinulia. Ukishainua, weka kizuizi kigumu.

Springi zilizobanwa hukaa zimebanwa miaka. Kiendeshi cha vali kinachorudi kwa springi kikifunguliwa bolti bila kufuata maelekezo, kifuniko hurushwa.

Flaiwili ya presi, lile gurudumu zito, huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na nguvu yake hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Subiri isimame kabisa, uione kwa macho.

Feni kubwa nazo huzungushwa na upepo wa kwenye mfereji wa hewa, hasa kama feni nyingine ya mstari huohuo inafanya kazi. Funga mlango wa mfereji na ufunge shafti isizunguke. Kama mota yake ina sumaku za kudumu, kule kuzunguka tu kunazalisha umeme kwenye vituo ulivyokwisha kupima na kukuta sifuri.

Vali ya bomba imefungwa, bado linadondosha

Vali moja haitoshi kwa mvuke, asidi, gesi au kitu chochote kinachounguza. Viti vya vali huliwa. Funga vali mbili na ufungue ya kumwagia iliyo katikati yao, ili kinachovuja kwenye ya kwanza kitoke nje kabla ya kuifikia ya pili. Kama kuna mtu anayeingia ndani ya tangi, tenganisha bomba au uweke sahani ya chuma kwenye flanji, pale mabomba yanapounganishwa kwa bolti. Usiihukumu bomba kwa joto la nje peke yake. Lililofunikwa kwa kinga ya joto huonekana baridi.

Mashine imewaka mtu akiwa ndani

Hapa vyanzo karibu vyote ni watu, na ndipo ninapopaona pagumu kuliko kwenye paneli yoyote.

Kitufe chekundu cha dharura kilitumika badala ya swichi. Kitufe hicho hukata umeme wa udhibiti tu. Kontakta, ile swichi ya ndani inayovutwa kwa sumaku ya umeme, ikigandia haiachii, na mtu mwingine akikizungusha kimerudi. Hali kadhalika mlango wenye swichi ya usalama: unasimamisha mashine, hauitengi.

Kufuli moja lilitumika kwa watu watano. Wanne walifanya kazi kwa kumwamini wa tano, naye akamaliza sehemu yake na kuondoka na ufunguo. Kila anayeingiza mkono ana kufuli lake na ufunguo wake mmoja, mfukoni mwake. Kibano chenye matundu kadhaa kinachukua makufuli ya kikundi. Kazi ikiwa na swichi nyingi, funguo za swichi zote huwekwa ndani ya sanduku moja na kila mtu anafunga kufuli lake kwenye sanduku hilo. Mafundi wa nje waliokuja kwa siku moja wanahesabiwa vivyo hivyo.

Zamu ilibadilika. Wa jioni waliondoa makufuli yao saa moja kabla wa usiku hawajaweka ya kwao, na katikati hapo swichi ilikuwa ya yeyote. Anayeingia aweke lake kwanza, kisha anayetoka aondoe la kwake, wakiwa wamesimama pamoja mbele ya swichi.

Kadi ilitundikwa bila kufuli. Kadi ni maneno. Mwenye haraka huisoma baadaye.

Na kuna kufuli la mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Msimamizi anadaiwa uzalishaji, msumeno wa chuma uko karibu. Kanuni ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, namba 1910.147 ya mwaka 1989, inaruhusu mwajiri aondoe kufuli hilo kwa utaratibu ulioandikwa, na masharti yake yanafaa popote: thibitisha kwamba mwenye kufuli hayupo eneo la kazi, jitahidi kwa kila njia kumpata na kumwarifu, na hakikisha anajua kabla hajaanza kazi tena. Sharti hilo la mwisho hudharauliwa. Mtu anayerudi asubuhi akiamini kufuli lake bado lipo ataingiza mkono moja kwa moja.

Kosa halionekani mpaka mashine iwe na umeme

Mara nyingine ni kweli: kusawazisha mkanda au kusoma ishara ya sensa hakuwezekani mashine ikiwa imekufa. Usiufanye ukweli huo kuwa sababu ya kukaa bila kufuli kwa siku nzima. Ondoa vifaa, watoe watu, makufuli yaondolewe na wenyewe, washa, angalia ukiwa nje ya kinga, zima, kisha tenga na ufunge upya na kupima upya kabla mkono haujarudi. Kama unarudia mzunguko huo mara kumi, ni kazi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kazi imekwisha, makufuli yametolewa, mashine ikawaka yenyewe

Rudi nyuma ukumbuke kipimo cha kuijaribu. Ulibonyeza kitufe cha kuwasha ili kuthibitisha kwamba haiwaki. Kama ni swichi ya kugeuza na hukuirudisha kwenye kuzima, umeiacha ikisubiri umeme. Angalia pia programu ya udhibiti: nyingine hukumbuka hatua zilipoishia na huendelea hapo umeme ukirudi. Swichi zote za mkono zirudishwe kwenye kuzima, akumuleta na hewa vijazwe polepole, na vizuizi vya mzigo vihesabiwe kama vyote vimetoka. Kinga zirudishwe na bolti zake zote. Kisha mtu mmoja aizunguke mashine nzima na kuwaita watu kwa majina, asikie kila mmoja akijibu akiwa nje, na hapo ndipo mkono uende kwenye swichi.